Kikohozi cha mkufunzi

Kwenye kikao chetu cha MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, Alhamisi, moduli ilikuwa ya kuuliza maswali. Mwezeshaji akasema ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla hujamtaja mtoto. Jirani yangu akaninong'oneza, "Kwa watoto tisini?" Mimi kimawazo nilishahama zamani. Nilikuwa BTP, yale mazoezi ya kufundisha ya chuo, Darasa la Nne, na mzee wetu yule wa chuo kabanwa kwenye dawati la nyuma, magoti yamefika kifuani.

Wakufunzi wengine walikagua andalio la somo, wakajaza fomu, wakawahi gari. Yeye aliniita chini ya mwarobaini kabla ya kipindi. "Mwalimu, leo sitaangalia zana. Ukiuliza swali, usimchague mtoto mpaka nikohoe." Nikasema sawa mkufunzi. Ningesema nini?

Nikaandika ubaoni 1/3 na 1/4. Sehemu ipi ni kubwa? Mikono juu, vidole vinalia ta! ta!, "Mwalimu mimi! Mimi mwalimu!" Yule kijana wa dawati la mbele, aliyezoea kunibebea somo, alikaribia kupanda juu ya dawati. Nikasubiri kikohozi. Hakuna. Mzee anatazama dari.

Kelele zikapungua. Kikohozi hakuna. Mwalimu mkuu akapita dirishani, akachungulia, akanitazama kama mtu aliyesahau somo, akaenda zake. Ndipo mikono ikaanza kushuka, na si kwa kuchoka. Mtoto mmoja alishusha wake huku macho yako ubaoni, midomo inacheza. Akafuata wa pili. Hata kijana wa mbele akashusha nusu, kiganja kikabaki usawa wa sikio. Waliokuwa na jibu hawakuwa na uhakika nalo tena. Na kule karibu na mlango, msichana ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake akainua mkono, kiwiko bado kimeegemea dawati.

Mzee akakohoa.

"Mwalimu, ni mkate uleule au mikate miwili?"

Andalio langu halikuwa na mahali pa swali hilo. Nikageukia ubao kuchora mikate, mikubwa na midogo, watoto wakabishana wao kwa wao mpaka kengele. Zoezi halikufanyika.

Baadaye, mwarobaini uleule, nilitegemea hotuba. Akanisomea tu alichoandika: nani alishusha mkono kwanza, nani aliinua mwisho. "Hukumu utatoa mwenyewe," akasema. Kwenye fomu alinipa B, na maoni: aandike kwa herufi kubwa zaidi.

Miaka ilipita ndipo nikasoma habari za Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyesikiliza kanda za masomo akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu. Wakifikisha tatu, majibu hurefuka na watoto huanza kuulizana wenyewe. Sijui kama mzee wetu alikuwa amemsoma. Sidhani.

Siku hizi mimi ndiye ninayekaa nyuma walimu wa mazoezi wakija. Kukohoa nimejaribu. Yupo aliyesubiri, na silabasi ikamwacha nyuma huku upimaji wa Darasa la Nne uko mlangoni. Wa kumlaumu simwoni. Na yupo aliyekatisha somo, akatoka mbio kwenda kuniletea maji. Huyo nilimpa B.