Nilivyomtafutia mwanangu mwenye woga pikipiki ya kwanza ya porini

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka 14 aliponiomba nimfundishe kuendesha pikipiki porini. Ombi hilo lilinishtua kidogo, kwa sababu tangu utotoni ni mtoto wa kupima jambo mara nyingi kabla ya kuligusa. Hata baiskeli aliikubali baada ya mdogo wake kuizoea. Nilifurahi sana, na katika furaha hiyo nikafanya haraka.

Nimefanya kazi ya ugani kwa miaka mingi, na kama maofisa wengi wa kilimo na mifugo wa rika langu, pikipiki iliyonifikisha vijijini ilikuwa Yamaha DT125. Ninaipenda na ninaiheshimu, na moja bado ninayo nyumbani. Kwa hiyo sikuona sababu ya kutafuta nyingine. Jumamosi moja tuliipakia kwenye pikapu tukaenda Oldonyosambu, kaskazini ya Mlima Meru, ambako shemeji yangu ana eneo pana lenye vijia vya ng'ombe, vumbi jingi na makorongo yaliyochimbwa na mvua.

Alipopanda tu aliniambia, "Baba, miguu yangu haifiki." Nikamjibu kwamba atazoea. Jibu hilo ninalijutia mpaka leo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kunieleza tatizo lote kwa maneno matatu na mimi sikumsikiliza. Kiti cha DT kiko juu kwa mtoto wa kimo chake, na injini yake ni ya tustroki, yaani ya mapigo mawili: resi ikiwa chini inakuwa kama imelala, kisha inaamka kwa mkupuo na kumvuta mwendeshaji nyuma. Alikwenda vizuri kama mita 200, akaanza kupanda kimlima kidogo, akachelewa kuongeza mafuta, injini ikazimika. Ili aiwashe ilimpasa kupiga kiki kwa mguu mmoja huku mguu wa pili ukishikilia pikipiki nzima kwenye mteremko, nao haukufika chini. Ilimwangukia ubavuni. Hakuumia zaidi ya kuchubuka kiwiko, lakini hakuigusa pikipiki yoyote kwa muda wa miezi minne, nami sikumlazimisha.

Aliporudi mwenyewe kuniuliza kama tunaweza kujaribu tena, niliweka daftari mezani na kumwomba aniambie, bila haraka, ni kitu gani hasa kinachomwogopesha. Nilitarajia aseme mwendo kasi. Hakuutaja kabisa. Alisema anaogopa kusimama mahali asipoweza kukanyaga chini, anaogopa injini izimike kilimani watu wakiwa wanamtazama, anaogopa iangukie njiani naye ashindwe kuiinua, na anaogopa iruke mbele kabla hajawa tayari. Niliyaandika yote kama alivyoyasema, na ukurasa huo ndio niliokwenda nao kila mahali nilipokwenda kutazama pikipiki. Ninaamini kwamba mzazi mwenye mtoto wa namna hii akianza na ukurasa kama huo, nusu ya kazi imekwisha, maana kila woga aliouandika mtoto una jibu la kiufundi linaloweza kupimwa kwa futi au kwa mizani.

Siku ile ile nilimpima. Alisimama ukutani bila viatu, nikaweka kitabu katikati ya mapaja yake kikiwa kimegusa ukuta, nikapima kutoka kwenye ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni: sentimita 73. Kimo chake kilikuwa sentimita 157 na uzito kilo 44. Watu wengi huuliza umri wa mtoto na ukubwa wa injini, lakini kwa mtoto mwoga urefu wa mguu ndio unaoamua kuliko hivyo vyote.

Ushauri haukukosekana. Shemeji alipendekeza Boxer ya kawaida, kwa hoja nzuri kwamba vipuri vyake viko kila kona na fundi yeyote anaifahamu. Hoja hiyo niliithamini, lakini Boxer imetengenezwa kubeba watu na mizigo barabarani: ina uzito unaozidi kilo 100, shokapu zake hazina nafasi kubwa ya kucheza, na tairi zake hazishiki kwenye vumbi laini. Jamaa mwingine alinitafutia Yamaha YZ85, akanihakikishia kwamba kwa kuwa injini yake ni ya sisi 85 tu (cc, kipimo cha ukubwa wa injini), itakuwa ya upole kuliko ya sisi 125. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitaeleza kidogo. YZ85 ni pikipiki ya mashindano, injini yake ni tustroki yenye hasira kuliko hata ya DT, haina selfu (kitufe cha kuwashia), na kiti chake kiko juu ili ipate nafasi ya kuruka matuta. Injini ya fostroki, yaani ya mapigo manne, ya sisi 125 iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza huvuta taratibu tangu chini, na ukikosea gia bado inakuvumilia. Namba ya sisi peke yake haisemi lolote kuhusu tabia ya pikipiki.

Baada ya kuondoa hizo, zilibaki chache za kufikiria, zote za fostroki na zote za kuwasha kwa selfu. Yamaha TT-R110E ilinivutia kwa sababu haina mkono wa klachi, hivyo si rahisi kuizima kwa makosa. Lakini kiti chake kiko sentimita 67 kutoka ardhini na matairi yake ni madogo, nikaona kwamba kwenye makorongo ya Oldonyosambu gurudumu dogo lingekuwa linadumbukia katika kila shimo na kumtikisa usukani, jambo ambalo nalo linaogopesha. Yamaha TT-R125LE ni pikipiki nzuri sana ya kujifunzia, ina gia tano na gurudumu kubwa, ila kiti chake kiko sentimita 80.5. Kawasaki KLX140R, hata ile iliyo fupi kuliko ndugu zake, ina sentimita 78. Honda CRF125F, iliyoingia sokoni kama toleo la mwaka 2014 kuchukua nafasi ya CRF80F na CRF100F, hutengenezwa kwa saizi mbili: yenye magurudumu makubwa ina kiti cha sentimita 78.5, na yenye magurudumu madogo, inchi 17 mbele na 14 nyuma, ina sentimita 73.9.

Namba hizi hazipaswi kusomwa kavukavu. Mtoto akikaa, springi hushuka sentimita kadhaa, na soli ya buti humwongezea kidogo. Kwa upande mwingine, upana wa kiti hutanua miguu na kumpunguzia ule urefu nilioupima ukutani. Kwa hesabu yangu, kwenye sentimita 78 angefika kwa ncha za vidole, na kwenye sentimita 73.9 angekanyaga kwa nyayo zote mbili. Mtoto jasiri angetosheka na vidole. Wangu alihitaji nyayo. Kila mtu aliniambia kwamba angekua haraka na ningepoteza fedha, na pengine ni kweli, lakini nilikuwa nimekwisha kuona gharama ya kumpa mtoto pikipiki ya mtu atakayekuwa miaka miwili baadaye.

CRF125F za kununua Arusha si nyingi. Tuliipata baada ya wiki saba za kuulizia, kwa familia moja iliyokuwa ikihama, toleo la 2016 la magurudumu madogo, kwa shilingi milioni 4 na laki 2. Kwa bahati ilikuwa bado ya kabureta, kwani mfumo wa kuingiza mafuta kwa kompyuta ulianza kwenye toleo la 2019, na fundi wetu anaijua kabureta kama kiganja chake. Nilikwenda naye. Alinyanyua gurudumu la mbele na kulitikisa kusikiliza beringi, akagonga spoki moja moja kwa bisibisi ili ile iliyolegea ijulikane kwa sauti yake, akavuta mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma kushoto na kulia, kisha akafungua chujio la hewa. Jambo hili la mwisho msilipuuze huku kwetu. Vumbi la Meru ni la volkano, ni laini na linasaga, na sponji ya chujio hilo ikiachwa kavu bila oili yake, vumbi huingia hadi kwenye pistoni. Sponji ilikuwa safi na yenye oili, na ekzosi haikutoa moshi wa bluu hata tulipopiga resi ikiwa imepata moto. Cheni yake ni ya saizi 428, ileile inayofungwa kwenye bodaboda nyingi, jambo lililotuondolea wasiwasi wa kipuri kimoja muhimu. Nilidai pia karatasi za forodha kabla ya kutoa fedha, kwa sababu pikipiki hii haina taa wala namba ya usajili, na karatasi hizo ndizo zinazoonyesha iliingia nchini kihalali. Barabarani haikanyagi kamwe; huenda na kurudi juu ya pikapu.

Mwanangu hakuiwasha siku ile. Alikaa juu yake uani kwa dakika zipatazo 20, akainamisha kushoto, akainamisha kulia, akabonyeza breki, akashuka na kupanda tena. Muuzaji alianza kuitazama saa yake. Nilimwacha mtoto mpaka aliposema mwenyewe, "Hii inafika, baba."

Kofia ngumu nilikuwa nimekwisha kuinunua kabla ya pikipiki, mpya, ya kuziba kidevu, yenye alama ya ECE, ya kiwango cha usalama. Katika hilo sikutaka mtumba, kwa sababu kofia iliyowahi kugongwa haionyeshi jeraha lake kwa nje. Buti za pikipiki, kwa upande mwingine, tulizipata nzima kabisa kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi. Miwani, glovu na kinga za magoti na viwiko vilifuata. Mtoto mwoga akijua kwamba amekingwa, mabega yake hushuka, na mikono iliyolegea huongoza pikipiki vizuri kuliko iliyokazwa.

Kabla ya somo la kwanza tulisogeza mikono ya klachi na breki karibu na usukani ili vidole vyake vifike bila kujinyoosha, tukapunguza upepo wa tairi hadi paundi 15, na tukarekebisha waya wa mafuta uwe na ulegevu mdogo, ili mkono ukitetemeka pikipiki isiruke. Somo lenyewe halikuanza na injini. Lilianza na kuanguka. Nililaza pikipiki kwenye majani nikamwonyesha namna ya kuukunja usukani hadi mwisho, kuchuchumaa, kushika karibu na mwili na kuinua kwa miguu badala ya mgongo. Pikipiki ina uzito wa kilo 86 hivi, karibu mara mbili ya uzito wake, na mara mbili za kwanza alishindwa. Ya tatu ilisimama. Akaomba kuilaza tena, akaiinua tena, na nadhani asubuhi hiyo aliiinua mara sita au saba. Sijawahi kuona woga ukipungua kwa haraka namna hiyo.

Baada ya hapo alishuka mteremko mdogo injini ikiwa imezimwa, akitumia breki tu. Kisha tukatumia Jumamosi mbili nzima kutafuta mahali klachi inaposhika: mbele hatua moja, nyuma hatua moja, bila kugusa mafuta. Ilizimika mara nyingi, naye kila mara alibonyeza selfu na kuendelea, na siku moja ilipozimika kilimani palepale DT ilipomwangukia, alikanyaga chini kwa miguu yote miwili, akabonyeza kitufe, akaondoka. Sikusema neno. Tulikuwa tumekubaliana kwamba yeye ndiye anayeamua ni lini tumalize, na mara kadhaa tulimaliza baada ya nusu saa tu, ingawa safari ya kwenda ilikuwa imetuchukua muda mrefu zaidi ya huo.

Sasa ana miaka 15 na nusu. Magoti yake yameanza kukaribia usukani, nami nimepandisha vishikio vya usukani ili apate nafasi ya kusimama vizuri. Mwezi uliopita nilimwambia kwamba tunaweza kuiuza na kutafuta TT-R125LE, kwa kuwa mguu wake umefika sentimita 79. Alifikiri kwa siku mbili, kama kawaida yake, kisha akanijibu kwamba kuna korongo moja upande wa mashariki wa shamba la mjomba wake ambalo bado hajalivuka, na anataka kulivuka kwa pikipiki hii kwanza. Kwa hiyo jana tumebadilisha oili, tumeosha sponji, na tairi la nyuma jipya liko njiani kutoka Dar es Salaam.