Jinsi nilivyotatua tatizo la betri ya karavani kutojaa safarini

Hata baada ya mwendo wa saa tano, betri ya karavani (nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari) ilikuwa haijafika nusu, nami nilikwisha kununua nyingine mpya bila mafanikio. Nilipopima injini ikiwa inanguruma, betri ya gari ilisoma volti 14.2, lakini ile ya karavani, iliyo mwisho wa waya mwembamba wa mita nane, ilipata 12.9 tu, kwa kuwa friji nayo ilikuwa ikivuta umeme kwenye waya huohuo. Nilipitisha waya mnene wa milimita 16 za mraba, wenye fyuzi karibu na kila betri, kisha nikafunga ndani ya karavani chaja ya kupandisha volti, inayofanya kazi injini inapowaka tu. Sasa betri hupokea volti 14.4, na waya ukiushika haupati joto.