Nilivyouzunguka msitu wa Rondo na kilo zangu tisini

Kwanza nimshukuru shemeji yangu, maana bila ushauri wake mbovu nisingekuwa na cha kusimulia. Yeye amepanda Kilimanjaro, na yeyote aliyewahi kukaa naye dakika kumi analijua hilo. Nilipomwambia nataka kwenda kuuzunguka msitu wa Rondo kwa miguu, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Rondo? Kile kichuguu?" Akanipa masharti matatu. Nianze saa nne, umande ukishakauka. Nivae nguo fupi nyepesi, kwa sababu Lindi ni joto. Na maji yakifika nusu, nigeuze.

Mimi ni fundi cherehani hapa Lindi mjini. Miaka kumi na saba niko kwenye stuli, nyayo tu ndizo zinazofanya kazi. Kilo ni tisini na kitu, na hicho kitu sikitaji. Daktari aliniambia nitembee, nikawa nakwenda ufukweni kila jioni, na baada ya mwezi na nusu kiburi kikaniingia.

Gari ni zile za Masasi. Unapita Mnazi Mmoja, pale njia ya Mtwara inapoachana na hii, unashuka Nyengedi, unachukua bodaboda. Ilikuwa elfu ishirini, au thelathini kwa wawili, sikumbuki vizuri. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyelipa kwa simu halafu akanidai, na mpaka leo tunabishana. Kibali cha kuingia msituni unakiulizia mapema kwa TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia, si shamba la mjomba.

Sasa sikilizeni jambo ambalo shemeji hakulijua. Rondo ni uwanda wa juu, na sehemu zake za juu kabisa zinakaribia mita 900. Pikipiki inahangaika na vumbi mpaka inakufikisha juu, unashuka, unajinyoosha, unaona pametulia kama sebuleni. Milima ya wenzetu unapanda ukiwa na nguvu, unarudi umechoka lakini mteremko unakubeba. Rondo unaanza kwa kushuka, unashuka ukiimba, halafu mlima wenyewe unakungoja saa nane mchana ukiwa huna hata mate. Mtu akikwambia geuza maji yakifika nusu, anakuua. Kushuka utakunywa vikombe viwili, kupanda utakunywa dumu.

Hilo aliniambia mzee wa Kimwera aliyetuongoza, tena kwa kifupi. Aliangalia chupa yangu ya lita moja na nusu, akauliza, "Mama, hiyo ni ya kunawa?" Mtoto wa kaka yangu akapewa dumu la lita tano kichwani. Saa nne pia aliifuta. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tayari njiani, na ukungu umelala chini kiasi kwamba miguu ya mzee ilikuwa haionekani. Baridi! Julai ile nilikuwa na gauni la magotini la mikono mifupi, kama nilivyoshauriwa, na kanga moja mabegani. Kanga yenyewe imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Niliisoma baadaye kwa uchungu.

Mwanzo wa njia ni misaji, mistari kwa mistari. Zamani hapa palikuwa na mivule mikubwa, wakoloni wakaivuna, misaji ikapandwa. Majani yake ni mapana kama sinia, na ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa. Mzee alichuma jani changa kwenye chipukizi akalifikicha, kiganja chake kikawa chekundu kama amechinja kuku. Mimi kama fundi nikaanza kuhesabu vitambaa kichwani. Mtoto wa kaka yangu akajipangusia kwenye fulana nyeupe kujaribu. Sabuni zote zimeshindwa.

Halafu unaingia msitu wa asili, na hapo sauti inabadilika. Kamba za miti zimesokotana, jua linaingia kwa matone. Nilikuwa nimemwahidi mjukuu wangu picha ya komba wa Rondo, yule mdogo kuliko komba wote, uzito wake kama gramu 60, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu walimtambulisha rasmi kwa jina lake mwaka 1997. Nikaangaza kila tawi kwa saa nzima, shingo ikaniuma. Mzee alinivumilia mpaka akachoka, akasema, "Mama, komba anatembea usiku. Sasa hivi amelala." Shemeji angenicheka, ila naye hakulitaja.

Njia ikaanza kuteremka kuelekea bondeni. Nilishuka kama binti. Nikamwambia mtoto wa kaka yangu, "Si unaona? Shangazi yako bado." Tukafika kwenye uwazi mmoja, vichaka vimejaa pembeni, jua limeanza kuwaka. Kanga nilikuwa nimeifunga kiunoni, inaburuza kwenye vichaka. Jasho likanitoka, nikaifungua, nikajifuta uso, shingo, nyuma ya masikio, na mikono yote miwili mpaka kwapani. Nilijifuta kwa raha zangu.

Zilipita kama sekunde ishirini. Kwanza shingo ikawa kama inatekenywa. Halafu kama siafu. Halafu nikaacha kufananisha. Upupu! Yale maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamekauka barabara kando ya njia, na kanga yangu ilikuwa imeyafagia yote kwa upole, mimi nikamalizia kazi. Nilijikuna, ukaenea. Nikapiga kelele nataka dumu, nijimwagie. Mtoto wa kaka yangu, Mungu amjalie, akaanza kufungua kizibo.

"Acha!" Mzee alimkamata mkono. "Hayo ni maji ya kupandia. Halafu ukimwagia unausambaza. Mama, usijikune, inua mikono."

Basi nikasimama katikati ya msitu, mikono juu kama nimekamatwa na askari, machozi yananitoka. Mzee akafungua mfuko wangu wa chakula bila hodi. Tulikuwa na bonge la ugali wa muhogo la jana na dagaa. Akamega donge la ngumi, akalifinyanga mpaka likawa na mnato, akampa mtoto. "Gandamiza kwa shangazi yako, bandua. Usisugue. Gandamiza, bandua." Kila likibanduliwa linatoka na vinyweleo, unaviona kabisa vimesimama kwenye ugali kama ndevu. Donge likijaa anatupa, anamega jingine. Shingo, masikio, mikono. Kwapani nilijifanyia mwenyewe, heshima bado ipo. Baada ya hapo akanipaka majivu aliyokuwa nayo kwenye kikopo cha tumbaku. Ilichukua kama nusu saa. Muwasho haukuisha, ila ulishuka kutoka kilio hadi matusi.

Ugali wa mahindi usijaribu, hauna mnato huo. Na nguo ndefu jamani, mikono mirefu, suruali ndani ya soksi. Joto utalizoea. Kanga ifunge kichwani, si kiunoni. Mzee mwenyewe alikuwa na koti, mimi nikadhani ni uzee.

Chini bondeni tulipumzika kidogo tu, kwa dagaa bila ugali. Kisha mlima. Njia ya kurudi ni nyingine, inapanda kwa kukata pembeni, si kali sana kwa mtu wa kawaida. Kwangu mimi ilikuwa ukuta. Mtoto alitangulia anarukaruka, akakaa kwenye jiwe akinisubiri, nikifika anainuka. Hakuna jambo la kuudhi kama hilo: mwenzio anapumzika, wewe ukifika mapumziko yameisha.

Nilichofanya ni kuhesabu kama naweka pindo. Hatua arobaini, simama, pumua mara kumi kwa pua, funda moja la maji, hatua arobaini tena. Nikikatisha kwenye thelathini na tano najitukana, narudi kuhesabu upya. Wale wa "kaza tu shangazi" niliwaambia wanyamaze. Maandalizi yangu ya ufukweni yote hayakunisaidia chochote, mchanga wa bahari hauna ngazi. Kama unakaa mjini tafuta kilima, au jengo la ghorofa lenye mlinzi mpole.

Tulitokea juu kwenye misaji saa kumi kasoro. Simu ya kijana ilisema kilomita kumi na moja na ushei. Dumu lilikuwa limebaki na maji ya kikombe kimoja, akanipa mimi, na hapo nikamsamehe kuhusu jiwe. Mzee hakuwa hata na jasho. Nilimlipa, nikamwongezea, na kesho yake nikamtumia kipande cha suruali nilichomshonea mwenyewe.

Usiku ule tuliolala kijijini nilisikia sauti ndogo inakwaruza miti nyuma ya nyumba, inajirudiarudia. Nikamwamsha mtoto, "Komba huyo, amka!" Akasema ni panya wa darini. Sitabishana naye tena mwaka huu.

Kanga nimeianika kwenye kamba nje ya duka, nimeifua mara moja tu, sijaichemsha. Shemeji alikuja Jumamosi kuuliza habari za kichuguu, ametoka jua kali, anavuja jasho. Akanyoosha mkono kwenye kamba ajifute uso.

Nilikuwa na pindo la kumalizia.