Risiva ya bei nafuu sebuleni kwangu Kigoma: achaneni na wanaohesabu wati

Nilipokuwa natafuta risiva ya hom thieta, karibu kila niliyemuuliza hapa Mwanga alinijibu kwa wati. Siyo risiva ya dishi nasema, ni ile mashine inayochukua sauti ya king'amuzi, deki na simu ikaigawa kwenye spika tano na besi. "Kaka, achana na hayo madude, chukua sabufa hii, wati elfu kumi na mbili, mtaa mzima watakusikia." Mtaa sikuwa na haja nao. Nilikuwa na mama yangu mzazi, umri umeshaenda, anakaa mbele ya TV anaona midomo ya mtangazaji inacheza lakini maneno hayamfikii. Ukiongeza sauti, kinachoongezeka ni muziki na kelele za uwanjani, maneno yanabaki kulekule yalikojificha.

Hizo wati elfu kumi na mbili zinaniudhi mpaka leo, kwa sababu zinawala watu hela. Igeuze hiyo sabufa uangalie kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa umeme inaotumia. Niliyoonyeshwa mimi iliandikwa wati 60. Kitu kinachovuta wati 60 ukutani kitazitoa wapi elfu kumi na mbili za kupeleka kwenye spika? Wanaandika PMPO, namba ya kupambia boksi. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kuchoka. Mimi nilichukua Yamaha RX-V385, iliyotoka mwaka 2018, na wenyewe wanasema wati 70 kwa kila chaneli, yaani kila njia ya spika, tena zikipigwa chaneli mbili tu kwa pamoja. Zikiimba zote tano, kila moja inapata pungufu ya hapo. Na bado kwa sebule ya kawaida ya kwetu huzimalizi.

Niliipata mtumba Kariakoo kupitia shemeji yangu aliyeko Dar, ikaja kwa basi imeviringishwa kwenye kigodoro cha mtoto. Pamoja na usafiri haikufika laki tano. Ilikuwa imetoka Japani, na hapo ndipo wengi wanapounguza vitu. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ukichomeka ukutani moja kwa moja, hela yako imekwenda. Hezi, yaani mara umeme unavyogeuka kwa sekunde, hazina shida, maana Japani upande wa Tokyo wanatumia 50 kama sisi na upande wa Osaka wanatumia 60, kwa hiyo vifaa vyao kwa kawaida vimeandaliwa kwa zote mbili. Transfoma za kushusha umeme nilizoziona madukani nyingi zilikuwa za 110. Nikaenda kwa fundi wa kusuka mota kule Ujiji akanisukia ya 100 kamili, ya VA 500 (ndiyo kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), kubwa kuliko mahitaji ili isipate joto. Ni nzito kama jiwe la kusagia, lakini ikiguswa baada ya mechi nzima ni vuguvugu tu. Kuhusu redio ya FM, msahau: redio za Japani zinaanzia 76 na kuishia 90 au 95, na zetu zinapanda mpaka 108. Stesheni nikizihitaji nazipiga kwenye simu, simu inaongea na risiva kwa Bluetooth, basi.

Spika ndiyo kisa chenyewe. Risiva haikuja nazo, na nyumbani kulikuwa na vispika vya hom thieta ya zamani iliyokufa. Fundi mmoja wa jirani, simtaji, akaja na bisibisi yake kwa kujiamini. Vispika vile vimeandikwa ohm 4 kila kimoja; ohm ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme kupita. Yeye akavifunga viwili viwili kwenye tundu moja, chanya na chanya, hasi na hasi. Nikamwonyesha nyuma ya risiva palipoandikwa isiwekewe spika ya chini ya ohm 6. Akasema, "Mkuu, sauti ni sauti. Mimi naunga tu, utaona." Akaweka taarabu. Kwa sauti ya chini ikapiga vizuri, akanitazama kwa ushindi. Akapandisha. Ilipofika katikati, ndani ya mashine kukasikika "tap!", kimya, kioo kikazimika. Akawasha tena, ikaimba kidogo, tap! Mara ya tatu akaikunja mikono akaniambia mashine ni mbovu, niirudishe Dar.

Mashine ilikuwa nzima, ilikuwa inajiokoa. Spika mbili za ohm 4 ukizifunga hivyo, risiva inaziona kama spika moja ya ohm 2. Ohm zikipungua, umeme unaopita unaongezeka, joto linapanda, na kinga ya ndani inakata kabla ya vitu kuungua. Mashine isiyokuwa na kinga ingekuwa imeshakufa mikononi mwake.

Alipoondoka nikavichukua vispika vilevile nikaviunga kwa mfuatano. Chanya ya risiva inakwenda chanya ya spika ya kwanza, hasi ya spika ya kwanza inakwenda chanya ya spika ya pili, na hasi ya spika ya pili ndiyo inayorudi risiva. Hapo ohm zinajumlishwa: 4 na 4 ni 8. Nikapima kwa mita ya bei rahisi, kila kimoja kilisoma tatu na nusu hivi, viwili kwa pamoja karibu saba. Usishtuke mita ikisoma pungufu ya kilichoandikwa, ndivyo spika zilivyo. Vinne vile sasa ndivyo vya nyuma, viwili kulia na viwili kushoto, vimetundikwa juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa. Haijazima tangu siku hiyo, hata mechi ya Simba na Yanga ikipigwa kwa sauti ya kushangilia. Za mbele nilinunua mbili za mbao, mtumba, ohm 8. Waya sikununua ule wa bei wa maduka ya muziki. Waya wa umeme wa nyuzi mbili, milimita 1.5 za mraba, wa duka la vifaa vya ujenzi, unafanya kazi ileile.

Kuna jambo moja mafundi wengi hawalifanyi, nalo linaharibu raha yote. Spika moja ikiungwa kinyume, yenyewe inavuta wakati mwenzake anasukuma, besi inapotea na sauti ya mtu haina mahali, iko hewani tu. Rangi ya waya usiiamini, kwa sababu spika za mtumba zimeshafunguliwa na wengi. Chukua betri ndogo ya rimoti, ya volti 1.5. Ondoa kitambaa cha mbele ili uone koni. Shika nyaya mbili za spika, moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye hasi, gusisha kidogo tu uachie. Utasikia "puk". Angalia koni: ikiruka kuja mbele, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikirudi ndani, ni kinyume, tia alama ya kalamu. Kwenye moja ya zangu za mbele waya mwekundu ndio uliokuwa hasi! Nilipougeuza, mtangazaji akasimama katikati ya ukuta kana kwamba amehamia pale.

Wenye sabufa nawaomba msiziuze. Tundu la besi la risiva hizi za bei ya chini halitoi nguvu, linatoa ishara tu, kwa hiyo linahitaji besi yenye amplifaya yake. Sabufa ya dukani ni hiyohiyo. Chomoa vispika vyake vidogo, chukua waya mmoja wa RCA kutoka tundu la besi la risiva mpaka AUX ya sabufa, weka sauti ya sabufa katikati na usiiguse tena. Kisha ingia kwenye mipangilio ya risiva, iambie spika zako ni ndogo na sauti yoyote nzito, ya chini ya hezi 100, iende kwenye besi. Spika za mbele zinapata nafuu, zinaimba wazi zaidi. Kero yake ni moja: umeme ukikatika, sabufa yangu inarudi ikiwa kwenye redio na lazima uirudishe AUX kwa rimoti yake.

Spika ya kati ndiyo iliyomaliza tatizo la mama. Kwenye filamu, maneno mengi yanapelekwa huko. Kwenye king'amuzi chenye stereo tu, risiva inatafuta sauti iliyo sawa kulia na kushoto, ambayo mara nyingi ndiyo sauti ya msemaji, na kuihamishia kati. Yangu iko chini ya TV, kwa hiyo ilikuwa inaongea na magoti ya watu. Nikakata kandambili kuukuu, vipande viwili nikavitia chini kwa mbele, ikainua uso kuelekea masikioni.

Halafu kuna maikrofoni ya kupimia, Yamaha wanaiita YPAO. Unaiweka pale kichwa kinapokuwa ukiwa umekaa, mashine inapiga sauti za majaribio kwenye kila spika na kujipangia yenyewe. Nyumba zetu ni sakafu ya saruji na bati juu, mwangwi tupu, kwa hiyo tandika mkeka na funga mapazia kwanza. Fanya usiku watu wakilala, na kamwe usifanye mvua ikinyesha. Niliiweka juu ya stuli, stuli juu ya kochi la mama. Ilipomaliza, nikaingia mwenyewe nikaongeza spika ya kati desibeli 3. Usiku nawasha kitu kinachoitwa Adaptive DRC, kinachopunguza tofauti kati ya minong'ono na milipuko. Mama sasa anasikiliza habari akiwa na bakuli lake la dagaa, na wakati mwingine ananisahihisha mimi: "Mwanangu, hakusema Kasulu, amesema Kasanga."

Joto ni adui. Shangazi alikuja kutembea akakuta mashine imekaa wazi, kwa upendo akaifunika na kitambaa cha kufuma, kama TV ya zamani. Nikamwomba radhi, nikakihamishia mezani. Juu ya risiva acheni nafasi ya shubiri moja, na futeni vumbi kwenye matundu. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, yangu inalindwa na kile kifaa cha friji kinachochelewesha dakika chache. Nacho kimetangulia transfoma, siyo kufuata.

Upungufu upo. Haina Dolby Atmos, ile sauti inayotoka hata juu darini, wala Wi-Fi, na matundu ya HDMI ya kuingilia ni manne. King'amuzi na deki chomekeni kwenye risiva, siyo kwenye TV, kisha waya mmoja wa HDMI utoke risiva mpaka tundu la TV lililoandikwa ARC ili sauti ya TV yenyewe irudi kwenye risiva. Mwenye TV ya zamani isiyo na ARC atumie waya wa optiko, Dolby Digital ya chaneli tano na besi inapita humo bila tatizo. Mwenye kutaka spika za darini atafute mashine ya chaneli saba na aandae hela nyingine, na transfoma yake iwe kubwa zaidi ya hii yangu.