Nilimwambia Mpishi

Newala, Desemba 28

Mvua imenyesha usiku kucha, na asubuhi hii uwanja wa nyumba ya mama umejaa maembe yaliyopukutika. Wapwa zangu wameshazoa nusu. Nimekaa barazani na kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi na mchaichai, haina sukari, na ndiyo kwanza naanza kuizoea. Siku tatu zimepita tangu Krismasi. Niandike kabla sijasahau.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho. Kuanzia Oktoba maisha yangu ni mizani, magunia na stakabadhi za ghala. Wakulima wanafika na korosho zao tangu alfajiri, na mtu aliyeamka usiku kupanga foleni huwezi kumwambia asubiri, unaenda kula. Mchana unapita na maandazi na soda. Usiku narudi nyumbani na njaa ya kutwa nzima, nakula wali wa watu wawili, nalala. Nimeishi hivyo misimu tisa. Novemba nilipopima sukari kabla ya kula chochote, kipimo kikasoma milimoli 6.6 kwa lita. Muuguzi alinieleza taratibu: chini ya 6.1 ni kawaida, kuanzia 7 ni kisukari, na mimi nipo katikati. "Kaka, bado unaweza kurudi nyuma," alisema. "Ila usiniambie utaanza baada ya Mwaka Mpya."

Nyumbani Mtwara mke wangu alibadilisha mapishi wiki ileile. Nilichokiogopa ni safari ya huku.

Desemba kwetu kusini ni mwezi wa kula. Fedha za korosho zimeingia, walioko Dar wamerudi, harusi zinafuatana. Nyumba yetu ni ya mchanganyiko, marehemu baba alikuwa Mwislamu na mama ni Mkristo, kwa hiyo hakuna sikukuu inayotupita. Sahani zinatoka kwetu zimefunikwa kawa, zinakwenda kwa jirani, zinarudi na kitu kingine ndani. Sahani hairudi tupu. Nalipenda jambo hili kwa moyo wangu wote na sitaki life.

Na siku yenyewe ya sikukuu sina ugomvi nayo. Pilau ya siku moja ni pilau ya siku moja. Kinachoniumiza ni zile siku kumi zinazofuata: viporo vinavyopashwa moto mara tatu, kreti ya soda inayotakiwa iishe, vitumbua kila asubuhi, chai ya vijiko vinne kila nyumba unayoingia.

Juzi niliwaita wapwa mezani na glasi tupu. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane hadi tisa, nikaanza kuvimimina kimoja kimoja huku wao wakihesabu. Kijiko cha nne walicheka. Cha saba walinyamaza. Cha nane mdogo wao akaishika glasi, akaiinua kwenye mwanga, akaniuliza, "Yote hii, mjomba?" Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko kama kumi na viwili, na akiweza kubaki kwenye gramu 25 ni bora zaidi. Mimi msimu huu nilikuwa namaliza soda mbili kabla ya saa tisa alasiri.

Sasa nirudi tarehe 24. Mama alinipakulia, nikabakiza nusu. Aliiangalia sahani, hakuniangalia mimi. "Mwanangu, mji umekufundisha kukataa chakula cha mama yako?" Nikasema tumbo linanisumbua. Jioni akaniletea uji aliouchemsha kwa ajili ya hilo tumbo, kautia sukari nyingi ili nipate nguvu. Niliunywa wote. Ni uongo wangu ndio uliouleta ule uji.

Usiku nikamfuata jikoni. Alikuwa anakamua nazi ya kesho yake, mimi nikamshikia taa ya simu. Nikamwambia, "Mama, nimepima, sukari yangu imepanda." Hakusimama. Aliendelea kuikamua ile chicha mpaka ikakauka mkononi mwake, akaiweka kando, akanawa. Kisha akasema, "Kama mjomba wako." Mjomba alikatwa mguu kwa sukari, mwaka uliofuata tukamzika. "Na wewe ukanyamaza siku zote hizi?" Sikuwa na jibu.

Krismasi mchana mama alishika mwiko mwenyewe. Sahani yangu ilikuja na kisamvu alichokitwanga kinuni na kukiunga kwa korosho za kusaga, mbaazi, paja la kuku wa kienyeji, na pilau kiasi cha ngumi yangu. "Anza na majani," aliniambia kwa sauti ya chini, maana nilishamsimulia maelekezo ya muuguzi. Hakuna aliyegundua lolote. Sahani za majirani zilipofika alizipokea, akashukuru, akawagawia watoto, akanisogezea matonge mawili ili nikikutana na mwenyewe njiani nimwambie nimekila chakula chake, na iwe kweli.

Mwezi mzima nilikuwa nimejiandaa kwa msimamo, kana kwamba ni suala la moyo mgumu. Lakini nyumbani kwetu hujipakulii, unapakuliwa. Nilipaswa kuanza na anayepakua.

Kuna jingine linanisikitisha. Vyakula nilivyoelekezwa nile ndivyo vilivyotulea: kisamvu, mbaazi, njugumawe, samaki wa kuchoma. Mgeni akija tunavificha, tunakimbilia mchele wa dukani ili tusionekane maskini. Dada alitaka kuiondoa bakuli ya kisamvu mezani wageni wa Dar walipoingia. Walipoionja waliomba waongezwe.

Korosho sijaziacha, siwezi, na sioni sababu. Mafuta yake mengi ni ya aina isiyoudhuru moyo. Ila gramu 100 zina kalori kama 550, na ukikaa na watu mnabangua, mkono unakwenda mdomoni wenyewe. Siku hizi napima kiganja kimoja, punje kama ishirini, nazitia kwenye kikombe cha kahawa, kopo linafungwa. Za chumvi nimezipunguza sana. Uraka, pombe ya mabibo, niliukataa moja kwa moja, na hapo sikuona haya.

Baada ya chakula cha mchana tunatembea, mimi na watoto, hadi Shimo la Mungu. Misuli ikifanya kazi inaichukua sukari kutoka kwenye damu, hilo nimelielewa vizuri, lakini nakwenda pia kwa ajili ya lile bonde. Baada ya mvua hewa imesafika, unaiona Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji.

Tarehe 26 niliteleza. Kwa binamu yangu nilikula vitumbua vinne na kunywa chai tamu, kwa sababu huko sikuwa nimesema neno. Jana asubuhi nikaendelea na utaratibu wangu.

Kesho narudi Mtwara. Mama ameshanifungia mfuko: mbaazi, korosho mbichi, fungu la mchaichai. Muda mfupi uliopita mke wa kaka amepiga simu kutoka Magomeni. "Shemeji, Mwaka Mpya mko kwetu, tunachinja mbuzi."

"Tunakuja," nikamjibu. "Ila kabla hujapanga mapishi, shemeji, nina jambo la kukueleza."