Sauti kuachwa nyuma na picha: nilivyoirekebisha video ya muheme

Video ya muheme, ngoma ya Wagogo, niliyopiga kwa simu kule Chamwino, Dodoma, ilianza vizuri, picha na sauti sambamba. Kadiri inavyosonga mambo yanaharibika: mama anapiga ngoma, kiganja kimeshanyanyuka kwenye ngozi ndipo mlio unasikika. Kwenye ngoma kama hii kasoro hiyo haifichiki hata kidogo.

Pengo likiwa lile lile mwanzo hadi mwisho, sogeza tu sauti, kazi imekwisha. Langu lilikuwa linakua, na hapo kusogeza kunatibu mwisho na kuharibu mwanzo.

Chanzo ni fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayobadilika. Mwanga ukififia, fremu zinapungua. Programu ya kuhariri ikizihesabu kama 30 kwa sekunde muda wote, picha inakimbia na sauti inabaki. Nilifungua faili kwenye MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili, na kweli, kwenye kasi ya fremu pameandikwa Variable, yaani inabadilika.

Nikalipitisha kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video: fremu 30, Constant Framerate (kasi isiyobadilika), sauti 48 kHz. Faili jipya ndilo nililoingiza kwenye programu ya kuhariri, likatulia. La awali usilifute. Na kama laptopu yako haina betri ya kuaminika, omba umeme usikatike katikati, maana utaanza upya.

Kwa kinasa sauti cha pembeni dawa ni nyingine, kwa kuwa saa yake ya ndani na ya kamera hazilingani sawasawa. Piga kofi mwanzoni na mwishoni mwa kurekodi, kisha vuta au bana sauti mpaka makofi yote mawili yakae penye picha zake.