Kabla ya kugusa ukuta wa nyumba ya bibi

Nyumba aliyotuachia bibi ipo Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hatua chache kutoka Mtaa wa India. Familia ilipokubaliana kwamba chumba cha mbele kigeuzwe duka, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kufuatilia kibali, nami nilikwenda nikiamini kwamba kibali cha ujenzi cha halmashauri kinatosha.

Hakitoshi. Halmashauri huikagua ramani kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, lakini nyumba iliyomo katika eneo la hifadhi huwahusu pia watu wa Mambo ya Kale, ambao sheria yao ni ya mwaka 1964. Sheria hiyo huyalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na kwa kuwa wazee wetu husema nyumba yetu ni ya enzi za Wajerumani, niliona haituhusu. Kumbe eneo likishatangazwa kuwa hifadhi, nyumba changa zilizomo nazo huingia.

Ramani yetu ya kwanza ilirudishwa, kwa sababu tulitaka kuung'oa mlango wa nakshi na kuvunja baraza. Hilo nililielewa upesi. Lililonichukua muda ni suala la lipu, maana wengi wetu huku tunadhani kibali ni cha anayeongeza ghorofa, ilhali kupiga lipu tunakuhesabu kuwa usafi wa nyumba.

Miaka kadhaa nyuma tulikwisha kuupiga ukuta wa kaskazini lipu ya saruji bila kumuuliza mtu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi ya bahari, kisha huutoa nje taratibu. Saruji ikiuziba, unyevu hubaki ndani, chumvi hukauka na kuganda, na jiwe huanza kumomonyoka. Fundi mzee aliponibandulia kipande, nyuma yake palitoka unga. "Mwanangu," akaniambia, "hapa mmefunika kidonda kibichi." Vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani navyo vilikuwa vimeanza kuoza.

Ombi la pili tuliliandika pamoja naye: mlango unabaki, baraza linabaki, saruji yote inabanduliwa. Limekubaliwa. Chokaa sasa imeloweshwa shimoni uani, na fundi amekataa kuigusa mpaka ilainike kama siagi.